Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mpinzani wa Kompyuta Hushindwa Kuvuka Bahari

Katika toleo lililopita tuliandika kwamba mpinzani wa kompyuta, yaani yule anayeendeshwa na kompyuta yenyewe, katika michezo ya mikakati ya kihistoria ni hodari nchi kavu na dhaifu baharini, tukaishia hapo bila kueleza sababu. Wasomaji hawakukubali tuponyoke kirahisi namna hiyo. Barua zilizotufikia tumezipunguza urefu, zilizofanana tumeziunganisha, na tumeanza na lile swali ambalo mengine yote yanaliegemea.

SWALI: Nimecheza Civilization IV kwa miaka mingi. Mara kwa mara mpinzani wa kompyuta hulimeza bara zima na kuwa na jeshi kubwa mara tatu kuliko langu, ilhali mimi nimejibanza kisiwani na miji yangu minne. Ananitangazia vita, nami ninakaa roho juu. Zamu ishirini zinapita, ndipo inapotokea meli moja yenye vikosi viwili, inawashusha askari wake kando ya mji wenye ngome imara kuliko yote, na zamu inayofuata hawapo tena. Je, huu ni woga, ni ujinga, au waundaji wa mchezo wamemfunga mikono makusudi ili sisi wa visiwani tupumue?

JIBU: Si lolote kati ya hayo matatu. Vita vya nchi kavu huvumilia uzembe kwa kiasi ambacho mchezaji hakitambui mpaka afike majini. Kikosi kilichoundwa leo hutumwa mpakani leo, kingine hufuata kesho, na cha tatu kikichelewa njiani hakiharibu kitu, kwa sababu kila kimoja kinaweza kujitafutia njia na kikifika kinawaongezea nguvu waliotangulia. Programu isiyojua zaidi ya kupeleka kila kikosi kwa adui aliye karibu na aliye dhaifu itapigana vita vya bara kwa namna ya kuridhisha, hata kama haina mpango wowote. Bahari haina msamaha huo. Meli isiyo na askari haitwai mji, askari asiye na meli ni mlinzi wa gati tu, na wote wakisafiri bila manowari za kuwasindikiza wamekuwa chambo. Kwa hiyo uvamizi wa baharini, kabla ya kuwa mapigano, ni miadi: watu waliotoka sehemu mbalimbali kwa mwendo usiolingana wanatakiwa wakutane mahali pamoja kwa wakati mmoja, na mmoja akikosa, waliofika wamefika bure. Kompyuta haijui kutunza miadi.

Tuutazame uvamizi mmoja hatua kwa hatua, kwa kanuni za mchezo huo unaoucheza. Galioni hubeba vikosi vitatu, hivyo jeshi la vikosi tisa linahitaji galioni tatu, na tuseme zitalindwa na frigeti mbili. Zamu ya kwanza kompyuta inaona kwamba mji wako wa mashariki una walinzi wawili, inauchagua, inaamuru meli ziundwe, na vikosi tisa vinajipanga bandarini kusubiri. Zamu ya sita wapanda farasi wa jirani wanaonekana kwenye mpaka wa upande wa pili. Sehemu ya programu inayoshughulikia ulinzi wa miji inatafuta askari wasio na kazi, inawaona hawa waliokaa gatini, inachukua vikosi vitatu. Zamu ya tisa galioni zote ziko tayari lakini vikosi vimebaki sita, kwa hiyo mbili zinapakia na kung'oa nanga, ya tatu inabaki tupu. Zamu ya kumi na moja frigeti moja inageuza njia kurudi kulinda mashua za uvuvi zilizoshambuliwa. Zamu ya kumi na tatu galioni mbili zinafika na frigeti moja, na mji uliokuwa na walinzi wawili sasa una watano, kwa kuwa uliziona zikija tangu mbali ukapata muda wa kuhamisha watu. Kushambulia moja kwa moja kutoka melini humwondolea askari wa kawaida nusu ya nguvu zake. Akiamua kushuka kwanza, mwendo wake wa zamu hiyo umekwisha, atalala ufuoni mbele ya mizinga yako. Kilichofuata unakijua kuliko mimi.

Ukichambua mkasa huo hutaona uamuzi hata mmoja ambao, ukitazamwa peke yake, ni wa kipumbavu. Kulinda mpaka ni sahihi, kulinda wavuvi ni sahihi, kutosafirisha galioni tupu ni sahihi. Tatizo ni kwamba kila zamu programu huamka kama mtu aliyesahau alichoahidi jana, huipima dunia upya, na kuwagawa askari kwa haja inayolia zaidi wakati huo. Uvamizi unadai ukaidi: vikosi tisa vikishatengwa havigusiki, hata mpaka uwake moto. Lakini ukaidi nao ukizidi ni maangamizi, maana jeshi litapelekwa kwenye mji ambao tangu zamu iliyopita umejaa mizinga. Katikati ya kusahau na kung'ang'ania ndipo waundaji wa michezo hii wamekuwa wakihangaika tangu Civilization ya kwanza ilipotoka mwaka 1991.

Mchezo wako wenyewe una historia nzuri katika jambo hili. Ulitoka mwaka 2005, na mwaka uliofuata waundaji wake waliwapa mashabiki sehemu kubwa ya msimbo unaoendesha kanuni na wapinzani. Mashabiki wakaandika upya fikra za kompyuta, na kazi yao ikaingizwa katika nyongeza rasmi ya mwaka 2007, Beyond the Sword. Kama bado unacheza toleo la awali, lisasishe halafu uniandikie tena. Mimi niliyekuwa nimezoea kuacha kikosi kimoja cha mikuki katika kila mji wa pwani nilipoteza miji miwili kwa zamu moja, na nakiri kwamba katikati ya hasira nilifurahi.

SWALI: Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov. Inawezekanaje mashine zilizomshinda binadamu mwenye akili namna ile zishindwe kuwapakia askari melini?

JIBU: Katika sataranji ubao una miraba 64, kila kitu kiko wazi machoni pa wote wawili, na kwa zamu moja unasogeza kete moja. Katikati ya mchezo mwenye zamu huwa na hatua halali zipatazo 35. Katika mchezo wa mikakati unasogeza vikosi vyako vyote. Ukiwa na vikosi 20, na kila kimoja kina mambo kumi kinayoweza kufanya, zamu yako moja ina michanganyiko ambayo idadi yake ni moja ikifuatwa na sifuri 20. Deep Blue ilikagua hali za ubao zipatazo milioni 200 kwa sekunde; kwa kasi hiyo ingehitaji zaidi ya miaka 15,000 kumaliza zamu hiyo moja, kabla hata haijafikiria adui atajibu nini. Mchezo wako unatakiwa kuamua kwa niaba ya mataifa kadhaa katika sekunde chache, na adui wengi wamejificha katika sehemu za ramani ambazo hazionekani.

Ni kweli kwamba mwaka 2019 programu ya AlphaStar ilifikia daraja la juu kabisa la wachezaji wa StarCraft II, mchezo wa mikakati usio wa kihistoria. Ilifika huko kwa kujifunza kutoka michezo ya binadamu na kisha kucheza dhidi ya nakala zake yenyewe kwenye mitambo mikubwa ya kompyuta. Kampuni inayobadilisha kanuni za mchezo wake kila baada ya miezi michache haiwezi kuyarudia mafunzo hayo kila mara, kwa hiyo hurudi kwenye kanuni zilizoandikwa kwa mkono.

SWALI: Ninacheza Hearts of Iron IV, mchezo wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nikiongoza Marekani. Mshirika wangu Uingereza, anayeendeshwa na kompyuta, hakomi kushusha divisheni mbili au tatu kwenye pwani ya Ufaransa. Zinazingirwa, zinakwisha, na baada ya miezi michache anarudia palepale. Kwa nini hajifunzi, na nifanye nini asije akamaliza jeshi lake kabla sijafika?

JIBU: Hajifunzi kwa sababu hana daftari. Kinachoonekana mchezoni ni kwamba kila amri ya uvamizi hupimwa kana kwamba ndiyo ya kwanza, na ufuo uliomla mtu mwaka jana unahesabiwa kuwa mzuri tena mara tu adui anapowaondoa askari wake kuwapeleka kwingine. Lakini udogo wa majeshi yake una sababu nyingine, nayo imo ndani ya kanuni. Ili uvamizi uanze, lazima uwe na ukuu wa bahari katika kila eneo la maji ambalo meli zitapita, na divisheni lazima zijiandae kwa muda fulani kabla ya kuondoka. Kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo maandalizi yanavyorefuka. Amri ya divisheni mbili huiva haraka. Amri ya divisheni kumi husubiri, na wakati inasubiri mambo mengine yanatokea: manowari zinarudi bandarini kutengenezwa, ukuu wa bahari unapotea, uwanja mwingine wa vita unaomba msaada. Hivyo miadi midogo inatimia na ile mikubwa inavunjika, nawe unayetazama kutoka ng'ambo unadhani mshirika wako anapenda vidogo.

Baada ya kushuka kuna ugavi, ambao ndio unaoua zaidi kuliko risasi. Katika mchezo huu chakula, mafuta na risasi huingia kupitia bandari. Divisheni iliyoshuka mbali na bandari hupata kidogo mno, na hunyauka siku hadi siku hata kama hakuna adui aliyeisogelea.

Jambo hili halikubuniwa na waundaji wa mchezo. Tarehe 19 Agosti 1942 Washirika, yaani Uingereza na wenzake waliopigana na Ujerumani, walijaribu kuushambulia uso kwa uso mji wa bandari wa Dieppe, Ufaransa. Kati ya askari wa Kanada wapatao 5,000 waliotumwa, zaidi ya 3,300 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Walichojifunza pale ni kwamba bandari haitwaliwi kwa kuigongea mlango, na kwamba kama huwezi kuitwaa siku ya kwanza basi uende na yako. Ndiyo sababu tarehe 6 Juni 1944, waliposhusha watu wapatao 156,000 kwa siku moja, kwenye fukwe tano za Normandy na kutoka angani, nyuma yao zilivutwa sehemu za bandari mbili za kuundwa, zilizoitwa Mulberry. Dhoruba iliyoanza tarehe 19 ya mwezi huohuo ikaivunja ile ya ufuo wa Omaha, na bandari halisi ya Cherbourg ilipotwaliwa mwishoni mwa Juni Wajerumani walikuwa wameshaiharibu. Hayo yaliwapata watu waliojiandaa kwa miaka. Divisheni mbili za mshirika wako zilikuwa na nafasi gani?

La kufanya liko hivi. Omba baadhi ya divisheni zake ziwe chini ya amri yako, jambo ambalo mchezo unaruhusu kupitia diplomasia, ili usimwachie cha kupoteza. Chagua ufuo unaopakana na bandari, ushushe watu kwenye majimbo mawili au matatu yaliyo jirani kwa wakati mmoja, na baada ya kushuka usiziondoe manowari zako kwenye maji yale hata kama zimejeruhiwa, kwa sababu wengi hupoteza ufuo waliokwisha kuushinda kwa kuziita meli nyumbani mapema. Na pale mshirika atakapokurupuka tena na divisheni zake mbili, usimlaani. Tazama askari wa akiba wa Ujerumani wanakimbilia wapi, nawe ushuke upande mwingine wiki hiyohiyo.

SWALI: Je, mpinzani wa kompyuta anadanganya? Nikiongeza kiwango cha ugumu naona anakuja na meli nyingi zaidi.

JIBU: Anapendelewa, na upendeleo wenyewe haufichwi. Katika michezo ya Civilization viwango vya juu vya ugumu humpunguzia gharama na kumwanzisha akiwa na vikosi vya ziada. Fikra zake ni zilezile za viwango vya chini. Anayeweza kupoteza jeshi mara tatu na kuleta la nne huonekana mwanamkakati.

SWALI: Zamani tuliunda meli za kubebea askari wenyewe. Siku hizi, katika Civilization V, Total War: Rome II na Crusader Kings III, askari anaingia majini kana kwamba anavuka barabara. Mimi naona historia imeporwa. Kwa nini waundaji walifanya hivi?

JIBU: Walifanya hivyo kwa sababu nyingi, mojawapo ni kumpunguzia mchezaji kazi ya kuchosha, lakini mpinzani wa kompyuta alinufaika kuliko yeyote. Kumbuka ilivyokuwa kwa Empire: Total War, iliyotoka mwaka 2009. Ni mchezo wa karne ya 18, zama ambazo madola ya Ulaya yaligombana katika kila bahari, na bado siku ulipoanza kuuzwa kompyuta haikuweza kabisa kuvusha jeshi kwa meli ili kuvamia. Aliyeongoza Uingereza alikaa kisiwani kama mtu aliyefunga mlango na kumeza ufunguo. Waundaji walilirekebisha jambo hilo kwa sasisho lililokuja baadaye, ila sifa mbaya ilikuwa imeshasambaa. Rome II ilipotoka mwaka 2013, jeshi likifika ufuoni lilijipatia vyombo vyake lenyewe na kuendelea na safari.

Civilization V ilikuwa imeshapita njia hiyo mwaka 2010: taifa likigundua elimu ya optiki, askari wake hupanda vyombo vyao wenyewe. Miadi kati ya askari na meli ikafutwa, ikabaki ile ya askari na walinzi wao, na hapo kompyuta ikaendelea kuanguka. Mwanzoni chombo cha askari kilichokutwa na manowari yoyote kiliangamia palepale, na kompyuta ilikuwa ikivileta kimoja kimoja bila ulinzi, hata mchezaji mwenye meli moja ya zamani aliweza kulizamisha jeshi zima huku anakunywa maji. Nyongeza ya mwaka 2012, Gods & Kings, iliwapa askari hao uwezo wa kujikinga wakiwa majini, na ikaleta meli zinazoweza kuutwaa mji wa pwani zenyewe, bila kumsubiri askari wa miguu. Badiliko hilo la pili naliona ndilo lililokuwa na maana zaidi, kwa sababu adui anayehitaji aina moja tu ya chombo ili ashinde hana wa kuwekeana naye miadi.

Crusader Kings II ya mwaka 2012 ilikuwa na meli za kukusanywa na kuongozwa. Toleo la tatu, la mwaka 2020, limeziondoa. Sasa jeshi hulipa dhahabu na kupanda, na likishuka hubaki dhaifu kwa muda kabla ya kurudi katika hali yake. Hesabu hiyo kompyuta inaimudu: kuna dhahabu au hakuna, udhaifu umekwisha au bado. Ukitazama mwenendo wote huo utaona kwamba mashine haikufundishwa bahari. Bahari ndiyo iliyosogezwa ikafanana na nchi kavu.

Kuhusu kuporwa kwa historia, nusu nakubaliana nawe. Katika Crusader Kings III sioni hasara kubwa, kwa kuwa mchezo wenyewe unahusu koo, ndoa na urithi, na mfalme wa zama zile aliweza kukodi vyombo vya watu. Katika Rome II naona hasara, hasa pale mwanzoni ambapo vyombo vya askari vilipambana na manowari halisi na kuzishinda. Kinachopotea ni ile hofu ya miadi yenyewe. Mwaka 1588 Hispania ilituma meli zipatazo 130, na kazi yake haikuwa kuishinda Uingereza kwa mizinga peke yake, bali kwenda kukutana na jeshi la mtawala wa Parma lililokuwa likisubiri Flanders, na kulivusha. Msafara huo, ulioitwa Armada, ulitia nanga nje ya Calais. Jeshi halikuwa tayari kupakia, habari kati ya makamanda hao wawili zilikuwa zimechelewa, na vyombo vya Waholanzi vilikuwa vikiuzuia ufuo ambao jeshi lingetokea. Usiku Waingereza wakaelekeza meli zilizowashwa moto kwenye nanga zile, Wahispania wakakata kamba, na mambo yakaenda mrama moja kwa moja. Makamanda wa kweli walifanya kosa ambalo leo tunaicheka kompyuta kwa kulifanya. Mchezo ambao askari huingia majini peke yake hauwezi kukusimulia kisa hicho.

SWALI: Nikicheza Europa Universalis IV na nchi yenye pwani ndefu, je, ni lazima niweke askari katika kila jimbo la ufuoni?

JIBU: Hapana, na ukijaribu utaishiwa kama alivyoishiwa Harold, mfalme wa Uingereza, mwaka 1066. Aliliweka jeshi lake pwani ya kusini majira yote ya kiangazi akimsubiri William wa Normandy, ambaye naye alikwama ng'ambo akisubiri upepo. Tarehe 8 Septemba chakula kilikuwa kimekwisha, watu wakaruhusiwa kwenda makwao. Kisha adui mwingine akashuka kaskazini, Harold akaenda kumpiga hukohuko kaskazini, mahali paitwapo Stamford Bridge, tarehe 25, na siku tatu baadaye William akatua Pevensey, mahali ambapo hapakuwa na wa kumpokea. Kulinda ufuo kwa kusimama juu yake ni ghali, na siku unayochoka ndiyo siku anayokuja.

Katika mchezo huo meli moja ya kubebea hubeba kikosi kimoja cha watu 1,000, hivyo kompyuta yenye jeshi la vikosi 30 na meli 12 italeta watu wake kwa mafungu. Fungu la kwanza linapokuwa ufuoni la pili bado liko njiani, na hapo ndipo pa kupiga. Liweke jeshi lako moja kubwa ndani kidogo, majimbo mawili kutoka pwani, mahali linapoweza kufika popote kabla ya meli kurudi na fungu la pili. Anayeshuka kutoka baharini juu ya jeshi linalomsubiri hupunguziwa 2 katika kete ya vita, ambayo hutoa namba 0 hadi 9, lakini adhabu hiyo humpata pale tu anapokuta mtu. Kwa hiyo ukiweza kukisia jimbo atakalochagua, simama humo, na usipoweza, wahi. Bora kuliko yote ni kutomruhusu afike. Meli za uchukuzi zikizamishwa, waliomo huzama nazo, na katika mlangobahari mwembamba kundi la manowari zako likisimama hapo huweza kumzuia adui asipite kwa miguu. Fedha ambazo ungezitumia kwa vikosi vya pwani zinunulie manowari.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa programu na ninaunda mchezo mdogo wa visiwa. Nimesoma kwamba kutafuta njia kwenye ramani ni tatizo lililokwisha kutatuliwa tangu 1968. Nianzie wapi ili mpinzani wangu avamie kwa akili?

JIBU: Njia uliyoisoma ya mwaka 1968, iitwayo A*, itakupa njia fupi kutoka mraba mmoja hadi mwingine, na hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ikipewa askari upande huu na mji upande ule wa maji, itakujibu tu kwamba njia haipo, na kabla ya kukujibu itakuwa imepekua kisiwa kizima. Kwa hiyo anza kwa kukipa kila kisiwa namba: chukua mraba mmoja wa ardhi, wape majirani zake wote wa ardhi namba ileile, na majirani wa majirani, mpaka uguse maji pande zote. Baada ya hapo swali la kama meli zinahitajika ni kulinganisha namba mbili.

Kisha, badala ya kumwachia kila askari ajiamulie, unda kitu kinachojitegemea ndani ya programu, tukiite operesheni. Operesheni ina orodha ya askari na meli kwa majina, mahali pa kukutania, zamu ya mwisho ya kusubiri, na lengo la pili iwapo la kwanza litaharibika. Askari aliyeandikwa humo asichukuliwe na sehemu nyingine ya programu, isipokuwa mji mkuu ukiwa hatarini. Weka kipimo cha kuondoka: kwa mfano, robo tatu ya nguvu iliyopangwa ikiwa imefika, ondokeni, zamu ya mwisho ikifika bila kutimia, vunjeni na kila mtu arudi kazini. Msafara wote uende kwa mwendo wa chombo kilicho polepole kuliko vyote, ukiwa kundi moja lisilogawanyika.

Mahali pa kushukia papewe alama, nawe usikubali programu ichague mraba ulio karibu na mji kwa kuwa tu uko karibu. Msitu au kilima huongeza alama, jeshi la adui lililo umbali wa zamu moja hupunguza, mto ulio kati ya ufuo na mji hupunguza, na bandari ya jirani huongeza sana. Zamu moja kabla ya kushuka, pima tena: kama walinzi wanaoonekana wameongezeka kupita kiasi ulichoweka, msafara uende kwenye lengo la pili, na kama hilo nalo limefungwa, urudi nyumbani ukiwa mzima. Wachezaji wengi hawajawahi kumwona mpinzani wa kompyuta akiugeuza msafara na kurudi nao, na nadhani wako akifanya hivyo atawatisha kuliko akishambulia. Meli zikishashusha ziondoke papo hapo kufuata wimbi la pili.

Mwisho, usijaribu kazi yako kwa kucheza mwenyewe. Iache kompyuta icheze na kompyuta usiku kucha kwenye ramani yenye visiwa pekee, na iandike kila operesheni ilikufa katika hatua gani: kukusanyika, kupakia, njiani, kushuka, au baada ya kushuka. Nilipofanya hivyo na mchezo wangu wa kwanza nilitarajia kukuta meli zimezamishwa. Nilikuta operesheni karibu zote zimefia kwenye kupakia. Askari walipanda, meli ikajiona ina mikwaruzo inayohitaji fundi, ikawashusha ili itengenezwe. Ilipotoka kwa fundi waliokuwa wamesimama gatini walikuwa wamehesabiwa kuwa walinzi wa mji, wakaombwa upya, wakapanda, na bandari ikashambuliwa kwa jiwe moja tu kutoka mbali, meli ikajiona tena ina mikwaruzo. Msafara mmoja ulipanda na kushuka mara 41 kwenye gati lilelile mpaka miaka ya mchezo ikaisha.